Neno Lile Lile, Maana Nyingine



Desemba 1941, majuma machache baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, Winston Churchill alivuka bahari kwenda Washington kuonana na Rais Franklin Roosevelt. Alifuatana na makamanda wake, wakaketi na wenzao wa Kimarekani kupanga vita. Katika kikao kimojawapo Waingereza walikuwa na waraka waliotaka uzungumzwe haraka, wakasema wanataka "to table it". Wamarekani wakakataa. Churchill mwenyewe ameeleza katika historia yake ya vita ile kwamba ubishi ulikuwa mrefu, hata ukaingia ukali, kabla hawajatambua kuwa pande zote mbili zilitaka jambo moja. Kwa Mwingereza, usemi ule maana yake ni kuleta hoja mezani ijadiliwe sasa hivi. Kwa Mmarekani ni kuiweka kando, isijadiliwe leo, na pengine isijadiliwe tena.

Waliobishana mle ndani hawakuwa wanafunzi wa Kiingereza. Walizaliwa nacho, wakakulia nacho, na walikuwa wakiongoza majeshi kwa lugha hiyo. Ndiyo maana kisa hiki nakiona kina uzito. Neno usilolijua halina hatari kubwa, kwa sababu utauliza, au utafungua kamusi. Neno linalokuponza ni lile unaloamini unalijua, kwa kuwa hakuna kinachokusukuma kuuliza. Na sisi wa Afrika Mashariki tumo katikati kabisa ya mkanganyiko huu. Kiingereza kilitufikia kwa mlango wa Uingereza, siku hizi kinatuingilia kwa mlango wa Marekani kupitia filamu, simu na vyuo, na sisi wenyewe tumekipa maana zetu ambazo London na New York hawazijui.

Chukua neno ambalo bajeti haisomwi bila kutajwa, iwe Dodoma au Nairobi: bilioni. Leo mtoto wa shule ya msingi atakwambia bilioni ni milioni elfu moja, moja yenye sifuri 9 nyuma yake. Lakini katika Kiingereza cha Uingereza cha enzi za ukoloni, "billion" ilikuwa milioni ya milioni, moja yenye sifuri 12. Wamarekani walikuwa wanatumia ile ndogo, waliyoipata kwa Wafaransa. Hebu fikiri maana yake: gazeti la London na gazeti la New York yanaandika neno moja, kwa herufi zile zile, na tofauti ya kinachomaanishwa ni mara elfu.

Hali hiyo ilikwisha kiserikali tarehe 20 Desemba 1974. Waziri Mkuu Harold Wilson aliulizwa bungeni kama mawaziri wake wataendelea kulitumia neno lile kwa maana ya Kiingereza tu. Akajibu kwamba hapana, dunia sasa inalitumia kwa maana ya milioni elfu, na serikali yake itafuata hivyo. Kwa jibu moja la maandishi, bilioni ya Waingereza ikashuka thamani mara elfu, na hakuna aliyepoteza hata senti.

Wafaransa nao walikwenda upande wa pili. Hao waliowapa Wamarekani hesabu ndogo walirudi kwenye hesabu kubwa, na mwaka 1961 sheria yao ikaithibitisha: "billion" ya Kifaransa ni milioni ya milioni, na milioni elfu huitwa "milliard". Hapo jambo hili linaingia nyumbani kwetu. Mkongomani wa Bukavu au Lubumbashi, katika Kiswahili chake, atasema miliari pale ambapo mtu wa Kigoma atasema bilioni. Nchini Rwanda nako husema miliyari. Basi mfanyabiashara akiletewa mkataba wa Kifaransa wenye neno "billion", na mfasiri akaandika bilioni kwa kuwa sauti ni ile ile, ameiondoa sehemu kubwa ya fedha kwenye karatasi. Kwa maana yake sahihi, hiyo ni trilioni yetu.

Galoni nayo ina historia ya namna hiyo, na ndani yake kuna somo linalowafaa wale wanaosema Wamarekani wamekiharibu Kiingereza. Galoni ya Marekani ni lita 3.79 hivi. Ya Uingereza ni lita 4.55. Ukiwasikiliza Waingereza utadhani wao ndio wenye galoni halisi na wenzao wameipunja. Ukweli ni kinyume chake. Mwanzoni mwa karne ya 18, enzi ya Malkia Anne, sheria ya Uingereza iliipa galoni ya mvinyo ujazo wa inchi 231 za mchemraba. Makoloni ya Amerika yakaipokea hivyo, yakapata uhuru nayo, na yameishika hadi leo. Waliobadilisha ni Waingereza wenyewe, mwaka 1824, walipotunga galoni mpya iliyopimwa kwa ratili 10 za maji. Kwa hiyo unapoona tangazo la gari likisema linakwenda maili kadhaa kwa galoni, tazama kwanza tangazo limeandikwa wapi. Gari lile lile, injini ile ile, litaonekana kunywa mafuta kidogo zaidi likitangazwa Uingereza, kwa sababu galoni yao ni kubwa kwa asilimia 20.

Mambo yako hivyo kwa maneno mengi. Mmarekani huita majira ya majani kupukutika "fall", na Mwingereza humcheka kwamba amejibunia. Neno hilo lilitumika Uingereza kabla halijapanda meli. Waliohama walilihifadhi, waliobaki wakaliacha. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutunza alichopewa na babu zake.

Sasa twende shambani. "Corn" ni neno la mwanafunzi wa mwanzo kabisa, na wengi wetu tuna hakika kwamba ni mahindi. Kwa Mmarekani ni kweli. Lakini katika Kiingereza cha zamani "corn" ilikuwa nafaka yoyote, na kila eneo liliita hivyo nafaka yake kuu: England ikawa ngano, Scotland ikawa shayiri nyembamba wanayopikia uji, ile wanayoiita "oats". Walowezi walipofika Amerika wakakuta wenyeji wanalima mahindi, wakayaita nafaka ya Wahindi Wekundu, kisha sehemu ya pili ya jina ikaanguka. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anayesoma historia ya Uingereza anakutana na sheria za "corn" za mwaka 1815, zilizofutwa mwaka 1846. Anaona mashamba ya mahindi, wenye mashamba ya mahindi, bei ya unga wa sembe. Sheria zile zilihusu hasa ngano na nafaka nyingine za Ulaya, na kilio cha watu kilikuwa mkate. Asiyeelezwa hivyo atafaulu mtihani na bado hatakuwa ameelewa njaa ile ilikuwa ya chakula gani.

Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 chini ya Mfalme James ina neno hilo hilo pale wanafunzi wa Yesu walipopita mashambani siku ya Sabato wakiwa na njaa. Mahindi ni zao la Amerika; Palestina ya wakati ule haikuyajua. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili hawakutegwa. Wao waliandika masuke, na suke ni la ngano, la mtama, la mpunga. Mimi huwaheshimu sana watafsiri wale kwa kazi ndogo kama hiyo, ambayo hakuna anayeiona kwa sababu imefanywa vizuri.

Kuna maneno mengine nitayapitia haraka. "Pavement" mjini London ni njia ya waenda kwa miguu kandokando ya barabara; Marekani ni lami yenyewe, yanapopita magari, na mzazi akimwagiza mtoto abaki hapo ni vizuri ajue yuko nchi gani. "First floor" kwa Mwingereza ni ghorofa ya kwanza baada ya kupanda ngazi, kwa Mmarekani ni pale chini unapoingilia. "Public school" kwa Mmarekani, kama kwa Mkenya, ni shule ya serikali. England ni kinyume: ni shule za gharama kubwa za watu binafsi kama Eton na Harrow, ambazo Bunge lilizitungia sheria kwa jina hilo mwaka 1868. Afrika Kusini "robot" ni taa za kuongozea magari. Na "hotel" kwa Mhindi wa Chennai ni mahali pa kula, kama ilivyo hoteli kwa Mswahili yeyote anayeingia kunywa chai na maandazi bila nia ya kulala.

Msikilizaji, mpaka hapa nimezungumza kana kwamba tofauti ziko baina ya nchi na nchi. Ziko pia ndani ya nchi moja, na hapo ndipo kuna kazi iliyonivutia kuliko zote. Marekani, mtaalamu wa lugha aliyeitwa Frederic Cassidy, mzaliwa wa Jamaica, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mradi wa kamusi ya kukusanya maneno ya kila pembe ya nchi. Kati ya mwaka 1965 na 1970 wasaidizi wake walizunguka na magari katika miji na vijiji 1,002, wakiwakalisha wazee na kuwauliza maswali zaidi ya 1,600. Hiki mnakiitaje? Upepo wa namna hii mnauitaje? Mtu mvivu mnamwitaje? Kitabu cha kwanza cha kamusi hiyo kilitoka mwaka 1985. Cassidy alifariki mwaka 2000 kamusi haijakamilika, na juu ya kaburi lake wakaandika maneno ya kuhimiza kazi iendelee mpaka herufi Z. Herufi Z ilifikiwa mwaka 2012.

Elimu ya maneno ya mahali kwa mahali ilimfaa Roger Shuy, mtaalamu wa lugha aliyekuwa akiitwa na polisi na mahakama. Aliwahi kuletewa barua ya mtekaji nyara. Barua ilikuwa na tahajia mbovu, kama ya mtu asiyesoma, lakini Shuy akaona kwamba maneno magumu yameandikwa sawasawa na mepesi ndiyo yameharibiwa. Mwandishi alikuwa msomi anayejificha. Fedha aliagiza ziachwe kwenye "devil strip". Hicho ni kile kipande cha majani kilicho kati ya njia ya miguu na barabara. Marekani nzima kina majina mengi, ila jina hilo, ukanda wa shetani, ni la watu wa Akron, mji wa jimbo la Ohio, na vitongoji vyake. Shuy akawauliza polisi: katika watu mnaowashuku, yuko msomi anayetoka Akron? Alikuwepo, mmoja tu. Akakiri.

Mtu yule alijua kuharibu tahajia. Hakujua kwamba jina la kipande cha majani nje ya nyumba yao ni la kwao tu. Na hivyo ndivyo tulivyo sote: maneno ya nyumbani tunayadhani ni ya dunia nzima. Mtanzania anayeuliza leo mboga ni nini, akajibiwa nyama ya kuku, haoni ajabu. Mwambie hivyo mtu wa Nairobi, ambaye mboga kwake ni sukuma wiki na kabichi, uone atakavyokukazia macho.

Wakati mwingine tofauti haiko kwenye kitu kinachotajwa, iko kwenye uzito wa neno, na hii ndiyo ngumu zaidi kuiona. Aprili 1951, katika vita vya Korea, kikosi cha Kiingereza cha Gloucestershire kilizingirwa na majeshi ya China kilimani karibu na mto Imjin. Husimuliwa kwamba Brigedia Tom Brodie, alipotakiwa na jenerali wa Kimarekani aeleze hali, alisema mambo ni "a bit sticky". Kwa ofisa wa Uingereza wa malezi yale, asiyetaka kuonyesha hofu, hiyo ni taarifa ya maangamizi. Mmarekani aliyaelewa maneno kama yalivyo: hali inanata kidogo, lakini mambo yanakwenda. Kikosi hakikuamriwa kurudi nyuma mapema, na mamia ya askari wake wakaishia kutekwa. Sisemi neno moja ndilo lililowaangamiza. Vita vina sababu nyingi. Nasema mtu alikuwa anaomba msaada kwa lugha ambayo msikilizaji wake aliidhani ni yake.

Nirudi kwetu. Kiswahili chenyewe kinashuhudia Kiingereza kilitujia kutoka wapi. Tunasema lori, tochi, petroli, boneti na buti la gari. Yote ni maneno ya Uingereza. Mmarekani ana majina mengine kwa kila kimoja. Fundi wa magari wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Grogan, Nairobi, anayeagiza vipuri Marekani kupitia intaneti hukwama hapo, maana anatafuta kwa jina alilofundishwa na haoni kitu. Na dereva wetu akifika Marekani akisikia kituo cha "gas", mawazo yake yanakwenda kwenye mtungi wa gesi ya kupikia, kumbe ni petroli.

Lakini neno ambalo ningependa tulitazame kwa makini ni "sorry". Mwenzako amejikwaa njiani. Wewe ulikuwa mbali naye, hukumgusa. Unamwambia "sorry". Mkenya, Mtanzania, Mganda, hata Mghana na Mnigeria, atakushukuru. Mmarekani atashangaa na kukuuliza kwani umefanya nini. Kwake neno hilo, kwa mtu aliyejikwaa mbele yako, linasikika kama kuomba radhi. Kwetu limebeba kazi ya pole, na pole si samahani. Kiswahili kimeyatenga hayo mawili: samahani ni ya mwenye kosa, pole ni ya mwenye huruma, na huruma haihitaji kosa. Tulipochukua Kiingereza hatukukubali kuiacha pole nyuma, tukaitafutia neno la kuivaa.

Jambo hili lina uzito hata mbele ya sheria. Ajali ikitokea barabarani, ukasema "sorry" kwa uchungu tu wa kumwona mwenzio anavuja damu, yuko wakili atakayesema umekiri kosa. Waliotunga sheria Marekani na Uingereza waliiona hatari hiyo. Mwaka 1986 jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria kwamba maneno ya kumhurumia aliyeumia ajalini yasitumike katika kesi ya madai kama ushahidi wa kukubali lawama. England na Wales mwaka 2006 zikaweka katika sheria ya fidia kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Lakini si kila mahali pana ulinzi huo, na ndugu zetu wanaoendesha malori na teksi ughaibuni wanapaswa kulijua hili kabla halijawakuta.

Kuna walimu wanaomkata mwanafunzi alama kwa kuandika kwamba alimwambia mgonjwa "sorry", au kwamba alim-"escort" mgeni mpaka kituoni. Wanasema huo ni Kiswahili kilichovaa Kiingereza. Ni kweli kwamba kumsindikiza mgeni ndiko kulikozaa matumizi hayo, na ni kweli kwamba kwingine neno hilo humletea mtu mawazo ya walinzi wa msafara, au ya mtu wa kukodiwa kwa starehe. Mwanafunzi aambiwe hivyo, tena waziwazi. Lakini kumwambia amekosea ni kumnyima haki waliyoitumia watu wa Akron, Chennai na Johannesburg. Nchini Kenya, anayezunguka na bahasha ya vyeti akitafuta kazi husemwa yuko "tarmacking". Lami imegeuzwa kitenzi, na kila kijana aliyemaliza chuo anaielewa soli ya kiatu iliyomo ndani ya neno hilo. Mwezi Juni 2022 kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford iliingiza maneno mengi ya Afrika Mashariki, nyama choma na asante sana yakiwemo. Hukumu yangu ni kwamba maana inayoeleweka na mamilioni ya watu katika eneo lao ni maana halali ya eneo hilo, na anayeijua hiyo pamoja na ya London na ya Marekani anajua Kiingereza zaidi ya yule anayejua moja.

Ombi langu basi ni kwa wanaoshika kalamu kwa niaba ya wengine: watafsiri, makarani wa forodha, wauguzi, mawakala wa vyuo vya nje. Kiasi cha fedha kiandikwe kwa tarakimu zote, si kwa neno pekee. Kipimo kitajwe kwa lita na kilo. Na mgeni akitumia neno ambalo wote wawili mna hakika nalo, na jambo lenyewe ni dawa, mkataba au usalama wa mtu, muulize kwao lina maana gani kabla hamjatia saini.